Kura kwa posta California: tathmini kwa vyama vya wafanyakazi baada ya Pendekezo la 50

Kwa mfanyakazi wa zamu, huduma ya kura kwa posta ya California inafaa. Karatasi inatumwa nyumbani kwa kila aliyejiandikisha bila kuiomba, bahasha ya kurudishia imeshalipiwa, na ukishairudisha unaweza kufuatilia kwa simu kama imefika na kuhesabiwa. Ila inavuja mahali pawili: kwenye saini na kwenye muhuri wa posta. Chama cha wafanyakazi kinachotaka kura za wanachama wake zihesabiwe kiweke watu wake hapo kabla hakijachapisha fulana na mabango.

Kipimo chetu ni uchaguzi maalumu wa 4 Novemba 2025, uliokuwa na swali moja tu la jimbo zima, Pendekezo la 50, kuhusu mipaka ya wilaya zinazochagua wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Marekani. Uchaguzi wa namna hii ndio mgumu kuliko yote kwa chama. Hakuna rais wala gavana kwenye karatasi, hakuna jina la mgombea la kumkumbusha mtu kwamba kuna kura. Bahasha inakaa mezani pamoja na bili ya umeme mpaka siku inapita.

Swali lenyewe

Texas ndiyo iliyoanza. Agosti 2025 Warepublican wa huko walichora upya wilaya zao za Baraza la Wawakilishi katikati ya muongo, wakilenga viti vitano zaidi. Tarehe 21 mwezi huohuo Bunge la California likajibu kwa kupitisha ramani yake ya kuwapa Wademokrati viti vya kufidia hivyo, na kuitisha kura ya maoni. Lilihitaji kibali cha wapiga kura, kwa sababu Pendekezo la 11 la 2008 liliunda tume ya raia 14 ya kuchora mipaka (Wademokrati watano, Warepublican watano na wanne wasio wa vyama hivyo), na Pendekezo la 20 la 2010 likaipa tume hiyo kazi ya wilaya za Baraza la Wawakilishi pia. "Ndiyo" ilimaanisha ramani ya Bunge itumike katika chaguzi za 2026, 2028 na 2030, kisha tume ichore upya mwaka 2031. "Hapana" ilimaanisha ramani ya tume iendelee kutumika. Ndiyo ilishinda kwa takriban asilimia 64.

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la California linaloongozwa na Lorena Gonzalez, SEIU California (chama cha wafanyakazi wa huduma), chama cha walimu cha California Teachers Association na chama cha wauguzi cha California Nurses Association, wote walisimama upande wa Ndiyo. Mwanachama akiuliza ramani inamhusu nini, jibu lipo kwenye hesabu: sheria ya bajeti iliyopunguza fedha za Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ilipita Baraza la Wawakilishi tarehe 3 Julai 2025 kwa kura 218 dhidi ya 214. Muuguzi ambaye wagonjwa wake wanatibiwa kwa Medi-Cal, ambalo ndilo jina la Medicaid huko California, hahitaji maelezo zaidi kujua uzito wa viti vitano.

Hapa ndipo kipeperushi kibaya huharibu kazi. Upande wa Hapana, uliofadhiliwa zaidi na tajiri Charles Munger Jr. na kutetewa na gavana wa zamani Arnold Schwarzenegger, nao ulizungumzia kuwalinda wapiga kura. Pande zote mbili zilitumia maneno yaleyale. Kwa hiyo karatasi ya chama iliyoandikwa "Linda demokrasia" kwa herufi kubwa haikumsaidia mtu kujua ajaze duara gani. Kipeperushi kinachofaa huanza na Ndiyo inafanya nini, kinafuata na Hapana inafanya nini, ndipo kinasema msimamo wa chama na sababu yake, halafu tarehe ya mwisho. Na mwaka 2031 uwemo, kwa sababu swali la kwanza la mwanachama makini ni kama tume inafutwa. Haikufutwa, na mwakilishi wa wafanyakazi anapaswa kulijibu hilo papo hapo.

Ndani ya bahasha

Kaunti zilitakiwa ziwe zimeanza kutuma karatasi siku 29 kabla ya uchaguzi, yaani 6 Oktoba. Ndani kuna karatasi ya kura, maelekezo na bahasha ya kurudishia yenye sehemu ya saini kwa nje. Unajaza duara kwa peni nyeusi au ya bluu, unakunja, unafunga, unatia saini yako mwenyewe. Ukikosea usipake wino mweupe. Omba karatasi nyingine kwenye ofisi ya uchaguzi ya kaunti au kwenye kituo cha kura.

Oktoba ile zilisambaa picha za bahasha zenye matundu madogo, zikidai kwamba kura ya Hapana inaonekana kwa nje. Matundu yaliwekwa kwa makusudi. Asiyeona vizuri huyapapasa kwa kidole akajua mahali pa kutia saini, na maofisa huyatumia kuhakikisha hakuna karatasi iliyosahaulika ndani ya bahasha. Mpiga kura ndiye anayeamua karatasi iingie vipi: ukiigeuza ili alama yako isikae kwenye tundu, hakuna kinachoonekana. Ukiwa na bahasha tupu mkononi kwenye chumba cha mapumziko, unaweza kumwonyesha mtu hilo kwa nusu dakika. Kila chama kingempa mwakilishi wake bahasha ya mfano, maana maneno matupu hayashindi picha iliyokwisha kuzunguka kwenye simu za watu.

Saini, mahali kura zinapokwama

Ofisi ya kaunti hulinganisha saini ya bahasha na zilizo kwenye faili lako, na mara nyingi iliyopo ni ile uliyoitia kwenye kidude cha kielektroniki ulipokwenda kuchukua leseni ya udereva. Sheria ya California iko upande wa mpiga kura. Saini huchukuliwa kuwa ni yake. Kutumia herufi ya mwanzo badala ya jina la kwanza au la kati hakutoshi kuikataa. Na haikataliwi mpaka maofisa wawili wa ziada wakubaliane kwa kauli moja, bila shaka yoyote ya msingi, kwamba haifanani. Hata hapo lazima mwenye kura ajulishwe na apewe nafasi ya kurekebisha.

Makosa yenyewe yanajirudia. Kuna anayesahau saini kabisa kwa haraka ya kuwahi zamu. Mume na mke hubadilishana bahasha, kila mmoja akasaini ya mwenzake. Mzazi humsainia mtoto aliye chuoni, jambo lisiloruhusiwa hata kwa mwenye hati ya uwakilishi. Kijana aliyejiandikisha mapema akiwa na miaka 16 sasa ana saini nyingine kabisa. Mwanamke aliyeolewa anasaini jina jipya wakati faili bado lina la zamani. Na wapo ambao mkono umebadilika kwa kiharusi au ajali ya kazini. Huyo anaweza kuweka alama ya X mbele ya shahidi, ambaye naye anatia saini.

Dawa ni fomu fupi ambayo kaunti inamtumia mhusika. Anaijaza, anaisaini, anairudisha kwa posta, kwa barua pepe, kwa faksi au kwa mkono, kabla ya siku iliyoandikwa kwenye fomu. Tatizo ni kwamba fomu inafika ndani ya bahasha ya serikali isiyovutia, tena baada ya siku ya uchaguzi, wakati mtu anajua kura imekwisha. Anaitupa. Hapo simu ya mtu anayemfahamu kutoka kazini ina thamani kuliko matangazo yote yaliyotangulia. Iwe fupi: "Kura yako imefika, lakini saini haikulingana na ya kwenye faili. Haijatupwa. Saini fomu uliyotumiwa kama ulivyosaini leseni yako, na kama huioni, nikuelekeze uipate wapi." Usimuulize alichagua nini. Akihisi unamchunguza, atakata simu, na fomu itabaki bila kusainiwa.

Posta au sanduku?

Kura ya posta inahesabiwa ikiwa imegongwa muhuri kabla ya siku ya uchaguzi au siku yenyewe, na ikafika kaunti ndani ya muda wa kisheria wa siku 7. Kwa miaka mingi hii ilimaanisha unaweza kuitumbukiza jioni ya mwisho bila wasiwasi. Mwaka 2025 haikuwa hivyo tena. Posta ya Marekani ilipunguza safari za kukusanya barua katika maeneo ya mbali, kwa hiyo barua iliyotumbukizwa leo inaweza kugongwa muhuri kesho. Oktoba ile Mwanasheria Mkuu wa California, Rob Bonta, na Waziri wa Jimbo anayesimamia uchaguzi, Shirley Weber, waliwaonya wanaoishi maili 50 au zaidi kutoka vituo sita vikubwa vya kuchambua barua: Los Angeles, Bell Gardens, San Diego, Santa Clarita, Richmond na West Sacramento.

Tazama ramani uone ni nani wanaoishi mbali na miji hiyo. Ni wafanyakazi wa mashamba na viwanda vya kufungasha matunda katikati ya jimbo, walinzi wa magereza, wazima moto wa misituni, wahudumu wa hospitali ndogo za milimani. Kwa hao ujumbe wa chama usiwe "tuma kabla ya Jumanne ya uchaguzi". Uwe "tuma wiki nzima kabla, au peleka kwenye sanduku la kura la kaunti". Aliyechelewa na hana sanduku karibu aingie posta kaunta iko wazi, aombe bahasha igongwe muhuri kwa mkono mbele ya macho yake.

Sanduku rasmi la kaunti ndilo tunalolipa alama za juu. Halihitaji muhuri, linapokea mpaka saa mbili usiku siku ya uchaguzi, na sanduku lolote la California linakubali kura ya kaunti yoyote. Fundi wa ujenzi aliyepelekwa kazi kaunti nyingine hahitaji kurudi nyumbani. Kura yake itapelekwa kwao, ingawa itachukua siku kadhaa zaidi.

Sheria inaruhusu mtu mwingine akurudishie bahasha iliyofungwa, mradi halipwi kwa idadi ya kura. Pamoja na ruhusa hiyo, tunashauri wawakilishi wasikusanye bahasha za wenzao kazini. Bahasha 30 zilizosahaulika kwenye buti la gari ni hasara isiyorekebishika. Zikifika salama pia, bosi mwenye chuki au mpinzani atauliza zilikuwa wapi usiku kucha. Mwanachama aitume mwenyewe au ampe mtu wa nyumbani kwake.

Kufuatilia kwa simu

Huduma ya jimbo iitwayo Where's My Ballot? inataka jina la kwanza, la ukoo, tarehe ya kuzaliwa na namba ya posta ya makazi. Ukishajiandikisha unapata taarifa kwa barua pepe, ujumbe wa simu au sauti: imetumwa, imepokelewa, imehesabiwa, au ina tatizo. Ni bure, na hakuna sehemu ya mfumo huu iliyo bora zaidi. Mwanachama akiandikishwa humo siku ya kwanza, tatizo la saini linamfikia simuni badala ya kusubiri barua.

Kasoro zake ni ndogo ila zinasumbua. Jina lazima liwe kama lilivyo kwenye daftari la wapiga kura. Anayejulikana kazini kwa jina la utani huambiwa hayupo, akadhani amefutwa. Na kati ya "imepokelewa" na "imehesabiwa" zinaweza kupita siku nyingi bila kosa lolote. Wapokea simu wa chama waambiwe mapema ili wasizidishe hofu.

Aliyehama ana shida tofauti. Posta haipeleki karatasi ya kura kwenye anwani mpya hata kama umeacha maelekezo ya kuhamishiwa barua. Lazima abadilishe anwani kwenye daftari la wapiga kura lenyewe, na mtandaoni ni kazi ya dakika chache. Kwa Pendekezo la 50 siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa kawaida ilikuwa 20 Oktoba.

Orodha na ratiba

Kaunti huonyesha kila siku ni kura za nani zimerudi (siyo walichochagua), na kampeni hupata taarifa hizo. Chama huzilinganisha na orodha ya wanachama wake na kumwondoa kila aliyekwisha rudisha. Ni kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo wapiga simu wako watatumia jioni nzima kuwasumbua waliokwisha maliza. Majina ndiyo yanayokwamisha: orodha ya ada ina "Maria G.", daftari la kaunti lina majina manne. Linganisha kwa tarehe ya kuzaliwa na anwani pia.

Ratiba tunayoiona inafaa kwa tarehe za 2025 ni hii: kuanzia 6 Oktoba, ujumbe mmoja wa kuuliza kama bahasha imefika; kabla ya 20 Oktoba, simu kwa waliohama; kuanzia 25 Oktoba, vituo vya kura vilipofunguliwa katika kaunti zinazovitumia, anwani ya kituo na sanduku lililo karibu na mahali pa kazi; kuanzia 28 Oktoba, neno posta liondoke kabisa kwenye ujumbe, libaki sanduku au kituo. Chama kinachotuma ujumbe uleule mwezi mzima kinawafundisha watu kutousoma.

Kabla ya yote hayo, safisha orodha. Katika vyama vya wahudumu wa hoteli, usafi, mashamba na utunzaji wa wazee wapo wengi wenye kibali halali cha kuishi na kufanya kazi ambao si raia. Wanalipa ada, wanagoma na wenzao, lakini hawaruhusiwi kupiga kura hii, na asiye raia akijiandikisha kwa kosa anaweza kupoteza makazi yake Marekani. Ujumbe wa "kila mwanachama apige kura" kwa hao ni hatari ya kweli. Piga simu kwa waliomo kwenye daftari la wapiga kura tu. Upande wa pili, wapo wanaodhani hawaruhusiwi kumbe wanaruhusiwa: tangu Pendekezo la 17 la 2020, aliyetoka gerezani akiwa bado chini ya uangalizi anapiga kura California. Kwenye vyama vya ujenzi habari hiyo inafaa kurudiwa.

Kazini

Watumishi wa umma wasitumie barua pepe ya mwajiri, mashine zake wala saa za kazi kwa kampeni. Kwa walimu kuna mpaka mahususi: mwaka 2009 Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba wilaya ya shule inaweza kukizuia chama kutumia visanduku vya barua vya walimu kusambaza maandishi ya kuunga mkono upande fulani. Wape walimu vipeperushi mkononi, nje ya saa za kazi.

Haki ya likizo ya kura haitumiwi ipasavyo. Mfanyakazi asiye na muda wa kutosha nje ya zamu anaweza kuondoka kazini apige kura, na mwajiri anamlipa kwa muda huo, usiozidi saa mbili. Muda huo huchukuliwa mwanzoni au mwishoni mwa zamu. Akijua mapema kwamba atauhitaji, amjulishe mwajiri angalau siku mbili za kazi kabla. Mwajiri naye lazima abandike tangazo la haki hiyo siku 10 kabla ya uchaguzi wa jimbo. Mwakilishi akague ukuta. Kama tangazo halipo, adai siku hiyohiyo.

Siku ya mwisho na baada yake

Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, na aliye kwenye foleni saa mbili ikigonga anapiga kura, hata akiifikia meza saa nne. Aliyepoteza karatasi, aliyehama au ambaye hakujiandikisha bado ana njia: anajiandikisha na kupiga kura papo hapo kwenye ofisi ya kaunti au kituo cha kura, na kura yake inahesabiwa baada ya kaunti kuhakiki. Wapiga kura wengi hawaombwi kitambulisho. Mwaka 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ilipeleka waangalizi katika kaunti za Kern, Riverside, Fresno, Orange na Los Angeles, na habari hiyo ikawatia watu hofu. Kwa mwanachama raia anayeogopa kumkuta mtu mwenye beji mlangoni, sanduku la kura siku kadhaa kabla ndilo jibu jepesi.

Saa mbili usiku watu wa kujitolea huagwa, simu zikarudishwa kabatini. Hilo ni kosa, kwa kuwa orodha za saini zisizolingana ndiyo kwanza zinaanza kujaa. Bakiza kikundi kidogo, hata watu watano kwa kila tawi kubwa, wenye lugha za wanachama wao, wapige simu kila jioni mpaka dirisha la kurekebisha lifungwe, wakimuuliza kila mtu swali moja: fomu umeirudisha?